Mwerika wa Mlima Rwenzori: Jina, Utambuzi na Upandaji Wake

1. Utangulizi

Makala haya yana shabaha ya kueleza mmea mmoja wa maua wa milima mirefu ya Afrika, ambao wataalamu wa elimu-mimea huuita Erica na ambao katika madarasa ya Beni na Butembo aghalabu hutajwa kwa neno la Kifaransa bruyère. Ni mmea wa kichaka, wenye majani membamba mfano wa sindano na maua ambayo moja moja halipiti ukubwa wa punje ya mtama. Maswali yanayojibiwa ni matatu: mmea huu uitweje kwa Kiswahili, utambuliwe kwa dalili zipi, na je, waweza kupandwa na mtu akaaye mbali na mlima wake? Huenda msomaji akadhani kuwa swali la kwanza ni la wanaisimu na la mwisho ni la wakulima, wala hayahusiani. Itadhihirika hata hivyo kwamba anayekosea katika la kwanza hukosea pia katika la mwisho.

Mahali pa kuanzia ni Mbau. Kijiji hicho kiko kaskazini ya mji wa Beni, kwenye barabara iendayo Oicha, na hapo ndipo inapochepuka barabara ya Kamango, ikatayo Hifadhi ya Virunga na kuvuka mto Semuliki. Asubuhi isiyo na mawingu, Rwenzori huonekana upande wa mashariki, ng'ambo ya bonde. Kilele chake kirefu kupita vyote, Margherita, kina mita 5109. Mbau yenyewe iko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1100, katika nchi ya joto, nchi ya kakao, ya michikichi na ya msitu mkubwa. Kwa hiyo mkazi wa Mbau huuona kwa macho ukanda ambamo mierika huota, lakini hauishi ndani yake. Zamani aliyetaka kuufikia alikwenda Mutwanga, akatafuta wapagazi, akapanda njia ya hifadhi kupitia Kalonge hadi Mahangu, na siku ya pili ya safari alikuwa amekwisha kuingia katikati ya mierika. Tangu mauaji ya raia yalipoanza katika eneo la Beni mwezi wa Oktoba 2014, safari za namna hiyo zimekuwa adimu mno. Kuna wanafunzi waliomaliza chuo bila kuwahi kushika tawi la mmea ambao mlima wake wameuona tangu utoto.

Hasara hiyo ni ya lugha pia. Jina la mmea halirithiwi kwa kusikika tu. Hurithiwa pale mtu mzima anapolishika tawi, akamwonyesha kijana, akasema hili ni hili na lile si hili. Njia ikifungwa, jina hubaki likielea bila kitu linachokitaja, na halichukui muda kabla halijatajia kitu kingine.

2. Tatizo la jina

Kiswahili kilizaliwa pwani, na utajiri wake wa majina ya mimea hudhihirisha jambo hilo. Mtu wa Lamu au wa Rufiji anapoingia katika kichaka cha mikoko hatosheki na jina moja. Hutenga mkandaa, msinzi, mchu na mlilana, kwa kuwa kila mmoja una mbao zake na matumizi yake. Lakini hakuna jahazi lililowahi kutia nanga kwenye mita 3500. Mimea ya ukanda wa baridi iliifikia lugha hii ikiwa imechelewa, kwa njia ya vitabu vya shule na vya wageni, na mara nyingi bila jina.

Jambo hilo si geni wala si aibu. Mikaratusi ililetwa kutoka Australia, na Kiswahili hakikubakia bubu: kilichukua jina la kitaalamu, kikalinyoosha kwa matamshi yake, kikalivika kiambishi cha ngeli ya miti. Ndivyo ilivyokuwa kwa mkwinini pia, mti ambao wenyeji wa Lubero na Butembo wanaufahamu vizuri kwa kuuza magome yake. Kwa kufuata kanuni hiyo hiyo, Erica yapaswa kuwa mwerika, na wingi wake mierika. Kiambishi m- kinapokutana na irabu e hugeuka mw-, kama katika mwembe. Katika wingi mi- hubaki ilivyo, kama katika miembe. Msemaji wa Kiswahili cha Kongo, aliyezoea kusema muti, hatapata taabu yoyote, maana mbele ya irabu mu- yake pia hutoa mw-. Jina hili basi laweza kutumika Dar es Salaam na Oicha bila kubadilishwa herufi hata moja, sifa ambayo si kila istilahi inayo.

Wapo watakaouliza kwa nini isichukuliwe bruyère na kuandikwa kwa Kiswahili. Jibu ni kwamba neno hilo limebeba mkanganyiko wake kutoka Ulaya. Mfaransa huita bruyère mimea ya jenasi Erica na pia mmea wa jenasi nyingine, Calluna, ambao ndio unaotanda kwenye nyika zenye udongo chachu za Ulaya ya kaskazini na magharibi. Picha zinazochapishwa katika vitabu vya shule vya Kifaransa mara nyingi ni za Calluna: majani mafupi yaliyopangwa safu nne kama magamba, na maua ya zambarau ambayo rangi yake hutokana hasa na sepali. Calluna haioti kwa asili kwenye Rwenzori. Mwanafunzi aliyejifunza bruyère kwa picha hiyo, siku atakapopanda mlima, atautafuta mmea wa zambarau unaofika magotini na ataipita mierika ya maua meupe yenye urefu wa kumpita yeye mwenyewe, akidhani ni misonobari.

Ipo pia hoja ya Kinande, nayo ni nzito zaidi. Lugha hii, ambayo katika uainishaji wa Guthrie ni D42, na jirani yake Olukonzo, D41, inayozungumzwa upande wa Uganda, ndizo lugha za watu walioishi miguuni pa mlima tangu zamani. Wapagazi na wawindaji wao ndio waliowaongoza wageni wote walioandika habari za mimea ya huko. Hapana shaka kuwa istilahi itokayo Kinande ingekuwa na mizizi ambayo mwerika hauna. Hata hivyo jina la kienyeji halifai kuchukuliwa mezani. Ni lazima likusanywe likiwa pamoja na tawi, kutoka kwa watu zaidi ya mmoja, na katika vijiji zaidi ya kimoja, kwa sababu majina ya wenyeji mara nyingi hufuata matumizi: miti mitatu yenye kuni zinazowaka vizuri zikiwa mbichi yaweza kupewa jina moja, na mti mmoja ukapewa mawili, moja ukiwa mchanga na moja ukiwa umekomaa. Mpaka kazi hiyo ifanyike, mwerika ni jina la kufanyia kazi, si la kulifukuza jingine.

Majina ya Kilatini nayo yana historia yenye mafunzo. Luteni Stairs, wa msafara wa Stanley, alipanda Rwenzori kutoka upande wa magharibi mwezi wa Juni 1889. Alishindwa kufika kwenye theluji, lakini alirudi na mimea, na Emin Pasha akaitaja kwa majina ya jenasi. Erica arborea imo katika orodha hiyo. Mwaka 1914 Joseph Bequaert alikusanya mimea kwenye mlima huo huo, na Émile De Wildeman akauita mwerika mmoja Erica bequaertii kwa heshima yake. Baadaye ilionekana kuwa mmea huo ni nususpishi ya Erica kingaensis, jina ambalo lilikwisha kutolewa kutokana na milima ya Ukinga, kusini ya Tanzania. Hivyo mmea wa Rwenzori hubeba leo katika jina lake kamili kabila la Tanzania na mtafiti wa Kibelgiji, ilhali waliomwongoza mtafiti huyo hawamo.

Asomaye vitabu vya zamani, pamoja na ripoti za msafara wa kisayansi wa Wabelgiji wa 1932, atakutana tena na tena na Philippia na Blaeria. Zilihesabiwa kuwa jenasi kamili. Katika miaka ya 1980 na 1990 wataalamu, hasa E.G.H. Oliver wa Afrika Kusini, walionyesha kuwa mipaka yake haisimami, na zote mbili zikaingizwa ndani ya Erica. Jenasi hiyo sasa ina zaidi ya spishi 800, na zilizo nyingi mno ziko kwenye Rasi ya Afrika Kusini. Kwa mwanafunzi maana yake ni nyepesi: Philippia trimera ya kitabu cha zamani na Erica trimera ya kitabu kipya ni mmea mmoja.

3. Dalili za utambuzi

Kosa la kwanza la mgeni ni kuutambua mwerika kwa kimo chake. Kimo hakisemi kitu. Kwenye Rwenzori ukanda wa mierika huanza juu ya mianzi, yapata mita 3000, na kuendelea hadi karibu na mita 4000. Katika mabonde yenye ukungu wa ukanda huo mierika husimama kama miti ya mita kumi, mashina yamepinda, yamevikwa kuvumwani nene za rangi ya kahawia na dhahabu. Lakini kwenye matuta ya mawe yapigwayo na upepo, Erica arborea hiyo hiyo huwa kichaka kisichopita kiuno. Hali hii imeonekana pia Kilimanjaro na Ethiopia. Pia yapo mengi yanayoning'inia kwenye matawi yake, hasa ndevu ndefu za rangi ya kijivu iliyochanganyika na kijani. Hizo ni kuvu-mwani wa jenasi Usnea, wala si sehemu ya mti. Anayechora mwerika pamoja na ndevu amechora viumbe viwili.

Mahali pa kutazama ni kwenye jani na ua, na mwenye kioo cha kukuzia atafanya vizuri kuwa nacho. Majani ya mwerika hutoka kwenye kifundo kimoja matatu au manne pamoja, yakizunguka kitawi. Kila jani ni jembamba, lina urefu wa milimita chache tu, na kingo zake zimejikunja kuelekea chini hata zikakaribia kukutana. Ukiligeuza utaona mfereji mwembamba katikati. Mfereji huo ndio dalili kuu. Ndani yake ndimo yalimo matundu ya kupumulia ya jani, yamefichwa yasikaushwe na jua kali la mchana na baridi ya usiku. Sindano ya msonobari haina mfereji wa namna hii, wala gamba la msaipresi.

Ua lina sepali nne na petali nne. Petali zimeungana kuwa kengele au mtungi mdogo, zikiacha ncha nne mdomoni, na jambo la kuzingatiwa ni kwamba kengele hiyo haianguki ua likisha kuzeeka. Hukauka na kubaki, imegeuka rangi ya majani makavu, ikilifunika tunda. Tunda ni kibumba kidogo kipasukacho na kumwaga mbegu laini kama vumbi. Stameni katika Erica arborea ni nane. Ua lake ni jeupe, lina urefu wa milimita tatu hivi, lina harufu nzuri, na vitawi vyake vichanga vina vinyweleo vyeupe ambavyo, vikitazamwa kwa kioo, baadhi huonekana vina matawi kama unyoya. Dalili hii ya vinyweleo ni ya kutegemewa kuliko zote, na yapatikana hata msimu usio wa maua.

Mierika iliyokuwa ikiitwa Philippia ina ua duni zaidi, la kijani au la wekundu uliofifia, lisilo na harufu. Sepali zake hazilingani: moja ni kubwa kuliko nyenzake. Stigma ni pana kama kisahani kwa ukubwa wa ua lenyewe. Sababu ni kuwa mimea hii huchavushwa na upepo, na kisahani hicho ni cha kuudaka unga wa chavua upitao. Erica trimera hujitambulisha kwa jina lake, kwani kwa Kigiriki maana yake ni yenye sehemu tatu, na hakika ovari yake aghalabu ina vyumba vitatu badala ya vinne. Ama ile midogo ya kundi la zamani la Blaeria, ambayo kwa kweli ndiyo mierika ya vichaka vidogo hasa, hutambulikana kwa stameni nne tu. Hiyo hupatikana kwenye nyasi za milimani na pembezoni mwa misitu, na kwa kuwa ni mifupi, mpita njia huikanyaga.

4. Inayofananishwa na mwerika

Majani mfano wa sindano si mali ya ukoo mmoja. Baridi, upepo na udongo maskini huifinyanga mimea ya koo mbalimbali kwa umbo moja, ndiyo maana milima yetu ina mierika ya uongo. Anthospermum, ndugu wa kahawa, hudanganya wengi: lakini majani yake hukaa mawili mawili yakikabiliana, na kati ya jozi kuna kigamba kidogo kinachoyaunganisha kwenye kitawi, dalili ya ukoo wa kahawa ambayo mwana wa Butembo anaweza kuilinganisha na mbuni wa nyumbani kwao. Cliffortia ni ya ukoo wa waridi. Stoebe, inayojulikana sana Kilimanjaro na milima ya Kenya, ni ya ukoo wa alizeti, na maua yake ni vichwa vidogo vya magamba makavu.

Upo pia mtego wa kinyume, wa ndugu halisi wasiofanana. Vaccinium stanleyi ni wa ukoo mmoja na mwerika, lakini jani lake ni pana na tunda lake lina maji. Agarista salicifolia vilevile ni ndugu, mti wa jani refu la kung'aa uotao hata kwenye miinuko ya chini zaidi. Majani yake ni sumu kwa mifugo. Anayesema kuwa mwerika ni sumu pengine amesikia habari za ndugu huyu.

5. Juu ya kuupanda

Swali ambalo wanafunzi wa Mbau hawana budi kuuliza ni kama mwerika waweza kuota uani kwao. Jibu la kweli ni kwamba utaota kwa taabu na hautadumu. Joto la hewa hupungua kwa nyuzi sita hivi kwa kila mita 1000 za kupanda. Kutoka mita 1100 za Mbau hadi mita 3100 ni tofauti ya nyuzi 12, na tofauti hiyo ni ya mchana na usiku, mwaka mzima. Wengine hupinga kwa kusema kuwa Erica arborea huota Italia na Uhispania karibu na bahari. Ni kweli, lakini huko una miezi ya baridi kila mwaka, jambo ambalo ikweta haina. Tena mbegu za Ulaya zisiagizwe. Spishi hiyo ilipopelekwa Australia kwa ajili ya bustani ilitoroka ikawa gugu la porini, na hakuna busara ya kuleta mbegu za mbali katika nchi ambayo ina mierika yake yenyewe.

Mahali panapofaa kujaribiwa ni Butembo, kwenye mita zipatazo 1750, na vizuri zaidi ni vile vilima vya Lubero vinavyopita mita 2000. Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, kilichoanzishwa Butembo mwaka 1989, kina kitivo cha kilimo. Kazi ya namna hii haipiti uwezo wa kitalu chake. Ikumbukwe lakini kwamba mierika ya Rwenzori imo ndani ya Hifadhi ya Virunga, na kwamba kuchuma chochote humo, hata mbegu, kwahitaji kibali cha ICCN, taasisi inayosimamia hifadhi za nchi. Sheria ya uhifadhi wa mazingira asilia ya 11 Februari 2014 haina mzaha katika jambo hilo. Ni heri kuomba mbegu, ambazo mti mmoja hutoa kwa maelfu, kuliko kung'oa mche, ambao karibu kila mara hufa njiani.

Hapa ndipo jina linaporudi. Mkulima akiambiwa kuwa huu ni msonobari wa aina fulani, au kichaka cha kawaida, ataulea kama anavyolea miche yake yote: ataupa samadi, atanyunyiza majivu ya jikoni, ataujazia kiriba udongo wa kichuguu kwa kuwa ni wenye rutuba. Kila moja ya hisani hizo ni sumu kwa mwerika. Majivu hupunguza uchachu wa udongo, na udongo wa kichuguu mara nyingi una chokaa kupita ule unaouzunguka. Samadi, hasa ya kuku, ina fosforasi nyingi kuliko mizizi ya mwerika inavyoweza kustahimili. Mizizi hiyo ni myembamba kama nywele, haina vinyweleo vya kawaida, na hufanya kazi pamoja na kuvu waishio ndani ya seli zake. Kuvu hao huchimbua nitrojeni na fosforasi kutoka katika mboji chachu ambayo mimea mingine haiwezi kuila. Mmea una mkataba na umaskini wa udongo. Mwenye kuutajirisha huuvunja mkataba huo.

Udongo wa kupandia basi uwe mchanga wa mtoni uliooshwa, uchanganywe kwa nusu na mboji iliyooza ya majani ya misonobari au ya msituni. Karatasi ya litmasi ionyeshe uchachu ulio dhahiri. Kipimo cha pH kati ya 4.5 na 5.5 kinafaa. Mboji ya chini ya vinamasi vya milimani ni nzuri sana kwa kazi hii, lakini kuichimba ni kuviua vinamasi vyenyewe, na haifai kushauriwa. Maji yawe ya mvua.

Mbegu hukusanywa vibumba vinapoanza kufunguka, kwa kukitikisa kitawi juu ya karatasi nyeupe. Huchanganywa na mchanga mkavu kidogo ili mkono uweze kuzitawanya, kisha hupandwa juu ya udongo bila kufukiwa, kwa sababu zahitaji mwanga ili ziote. Kosa la kuzifukia ndilo linalowafanya wengi waseme kuwa mbegu zilikuwa mbovu. Chombo kisimwagiliwe kutoka juu, maana tone moja huzizamisha. Kikalishwe katika sinia ya maji mpaka uso wa udongo upate unyevu, kisha kifunikwe kwa kioo na kuwekwa kivulini. Baadhi huota baada ya majuma machache na nyingine hungoja miezi. Miche haifai kuhamishwa kabla haijafikia urefu wa kidole.

Njia ya vipandikizi ni ya haraka zaidi. Huchukuliwa ncha za vitawi visivyo na maua, zenye urefu wa sentimita nne hivi, zilizokwisha kukakamaa kidogo lakini zisizo ngumu kama mti. Majani ya nusu ya chini huondolewa kwa vidole, na ncha hupandwa katika mchanganyiko ule ule, chini ya kioo, kwenye kivuli. Mizizi hutoka baada ya miezi miwili au mitatu. Jambo moja huwashangaza wapandaji wa kahawa na kakao: mbuni ukikauka hunyauka, na mwenye bustani akaona na kumwagilia, ukapona. Mwerika hautoi onyo. Majani yake hayanyauki, kwa kuwa ni magumu. Hubaki kijani siku kadhaa baada ya mmea kufa, na maji yaletwayo wakati huo humwagiliwa maiti.

Mche ulioshika vizuri huanza kufanya uvimbe wa mti chini ya shina, kwenye usawa wa udongo. Katika Erica arborea uvimbe huo ndio unaohifadhi machipukizi. Moto ukipita juu, mmea huchipua tena kutoka hapo. Ni mti huo mgumu usiowaka kwa urahisi unaochongwa viko vya kuvutia tumbaku huko Saint-Claude, Ufaransa. Uwezo wa kuchipua una mpaka wake, kwani moto ukirudi kabla machipukizi hayajapata nguvu, uvimbe humaliza akiba yake. Kilimanjaro tangu 1976 imepoteza kwa moto sehemu kubwa ya misitu yake ya mierika, kama alivyoonyesha mtafiti Andreas Hemp, na Rwenzori yenyewe iliungua katika miinuko yake ya juu upande wa Uganda mwaka 2012. Hasara haikomei kwenye kuni na maua. Majani yale membamba hukamata ukungu na kuugeuza matone, na kuvumwani zilizo chini huyashika maji na kuyaachilia polepole kuelekea mito ya chini. Mtambo wa umeme wa Mutwanga, uliofunguliwa mwaka 2013, huzungushwa na maji yashukayo kutoka mlima huo.

6. Sampuli

Hata asiyepanda aweza kufaidi kazi ya utambuzi ikiwa tawi moja lililokusanywa kwa kibali litatunzwa ipasavyo. Mierika ina tabia mbaya: ikikandamizwa kati ya magazeti kwa njia ya kawaida hupukutisha majani yote, na anayefungua baada ya juma moja hukuta vijiti na unga. Dawa yake ni kulichovya tawi katika maji yanayochemka kwa nusu dakika, kulikausha kwa kitambaa, ndipo likandamizwe. Maua machache yawekwe kando katika bahasha, ili atakayehesabu stameni miaka ishirini baadaye asilazimike kulivunja tawi.

Kibandiko kionyeshe tarehe, mwinuko, upande wa mteremko, kimo cha mmea, rangi ya ua lilipokuwa bichi, na kama vitawi vilikuwa na vinyweleo. Kisha liandikwe jina alilolitaja mwongozaji, kwa lugha yake, pamoja na kiambishi chake cha ngeli na toni zake, kama alivyolitamka na si kama mwandishi alivyotarajia kulisikia. Na chini yake kuwe na mstari mmoja wa kueleza alilitaja kwa umoja au kwa wingi, na mmea gani mwingine alisema una jina hilo hilo. Nakala moja ya sampuli yafaa ibaki Butembo, na nyingine ipelekwe Lwiro au Yangambi, ambako yapo makusanyo ya mimea iliyokaushwa yanayoweza kulinganishwa nayo.